Tangi la Kuazima

Watu huniuliza siku hizi, hasa wa vikundi vidogo vinavyoanza, kampuni ya kutusaidia tuliipataje. Wanadhani nina mjomba Dar es Salaam. Sina. Nina miaka mingi ya kuuza mahindi na maharage katika soko la Handeni, na ninachokijua kuhusu kampuni nilikijulia pale, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya magunia. Anayeniamini hukaa nikamweleza. Asiyeniamini huenda kuandika barua zinazoanza na "kwa unyenyekevu mkubwa", nami humtakia heri.

Barua hizo nazijua maana na sisi tuliziandika. Kikundi chetu ni cha akina mama, Waislamu kwa Wakristo, Wazigua, Washambaa na wengine walioletwa na ndoa. Tuna nyumba Kwamndolwa, pembeni ya mji wa Korogwe, aliyotuachia mwenzetu mmoja alipohamia kwa wanawe. Kazi ya nyumba ile ni moja tu: kupokea wajawazito wanaoshuka kutoka milimani, Vugiri na vijiji vya juu yake, wakae karibu na hospitali zile wiki zao za mwisho. Huko juu mvua ikikolea barabara inakuwa utelezi mtupu, gari halipandi wala halishuki, na uchungu wa kuzaa hausubiri njia ikauke. Wapo waliozalia njiani. Wapo waliozika walichokizaa njiani, na nasema hivi wazi kwa sababu ndicho kilichotufanya tuanze.

Tulichokosa ni maji. Bomba letu lilitoa maji lilipojisikia. Siku nyingine tulinunua kwa wenye mikokoteni, dumu moja moja, na wajawazito wenyewe walikuwa wakiinua ndoo pale tunapowageuzia mgongo. Mwaka ule bwana afya alikuja, akatazama choo, akatazama bafu letu la turubai, akasema bila ukali wowote kwamba nyumba yenye watu wa namna ile haiwezi kuendelea bila maji ya uhakika. Alitupa muda mpaka masika. Masika ikianza na hatujaweka maji, atafunga.

"Mama zangu," alisema, "ugonjwa ukiingia humu, ndugu zao nitawajibu nini?"

Alikuwa na haki. Kilichoniuma ni kwamba masika ndiyo majira tunayohitajiwa kuliko yote. Kufunga wakati ule ni kumrudisha mjamzito kule kule kwenye utelezi.

Na ndani ya nyumba alikuwemo binti mmoja wa Vugiri. Aliletwa na mama mkwe wake, mapema kabisa, wakati jua bado linawaka na barabara ni vumbi. Mama mkwe alikaa nasi barazani, akatueleza kwa sauti ya chini kwamba mtoto wa kwanza wa binti huyu alizaliwa ndani ya gari lililokwama kwenye tope, wala hakulia. Binti alikuwa pale pale, anasikia kila neno, anatazama vidole vya miguu yake. Kisha mama mkwe akafunga khanga yake vizuri akasema, "Huyu nawaachia. Asipande tena mpaka awe na mtoto mkononi." Habari za bwana afya hakuwa nazo, na mimi sikumwambia. Binti yule alikuwa haongei. Alichambua maharage ya nyumba nzima kutwa, na ukimsemesha alijibu kwa kichwa. Nilimpenda tangu siku ile na nilimwogopea, na wasiwasi wenyewe ulinifanya niwe mkali kwa kila mtu.

Mwenyekiti wetu alikuwa mama mtu mzima wa Kishambaa, mzaliwa wa Vugiri huko huko, muumini wa kanisa na mwenye mgongo ulionyooka. Mimi ni Mzigua wa Handeni niliyehamia Korogwe, basi tulikuwa hatukosi la kutaniana. Yeye alikuwa akisema Wazigua tunakula ugali wa muhogo, ule tunaouita bada, kwa sababu ya uvivu wa kulima kingine. Mimi nilimwambia Mshambaa akiachwa peke yake atatia ndizi hata kwenye chai. Nilimwita Bibi, na shikamoo yake sikuacha kumpa hata siku tuliyogombana.

Kampuni tuliyoilenga huuza matangi ya maji, mabomba na mabati. Makao yake makuu yako Dar, na ina tawi Handeni, si mbali na sokoni. Handeni ni kukavu, kila mwenye uwezo anatafuta tangi, kwa hiyo tawi lile halikosi watu. Meneja wake nilimjua tangu akiwa kijana wa kupakia mizigo dukani humo, akinunua mahindi ya kuchoma kwa jirani yangu wa kibanda. Nilimwomba kwa mdomo, si kwa barua. Alinisikiliza kwa heshima, akawaomba wakubwa wake, na wao wakasema watakuja kutuona kabla ya kuamua. Walikuwa wakubwa wawili, na dada mmoja anayeshughulikia mambo ya jamii.

Bibi aliposikia wageni wanatoka Dar, hakukaa chini tena. Kwetu mgeni haonyeshwi upungufu wako. Ukipata mgeni na huna kuku, jirani anaye. Huna vikombe vinavyofanana, vipo nyumba ya pili. Hakuna anayekuita mwongo kwa hilo, kwa maana siku jirani naye akipata mgeni, sinia lako litavuka ua. Nimekulia hivyo Handeni, yeye kakulia hivyo Vugiri, na katika jambo hili Mzigua na Mshambaa ni tumbo moja.

Basi vitu vikaanza kuingia. Mwalimu mmoja aliyekuwa anajiandaa kumwoza binti yake alitoa magodoro yakiwa bado kwenye nailoni. Vitambaa vya meza vilivyotariziwa vilitoka kwa akina mama wa kanisa, masufuria makubwa yakatoka kwa akina mama wa msikiti. Feni ililetwa. Mapazia yalipachikwa. Wajawazito walivalishwa vitenge vipya, na yule binti wa Vugiri alipewa gauni lililompwaya mabegani akaambiwa atabasamu. Na jirani wa nyuma, fundi seremala, aliyekuwa amenunua tangi kwa ajili ya nyumba anayojenga, alisimama uani akasema kwamba ni aibu wageni wa heshima kama wale kunawa kwa maji ya dumu. Wanaume wakaliviringisha tangi lake mpaka kwetu, wakalisimamisha pembeni ya ukuta, wakalifunga koki, na maji ya mikokoteni yakamiminwa humo tangu asubuhi. Mimi mwenyewe nilisukuma, tena kwa kicheko, kwa kuwa lilikuwa linapinda kuelekea shimoni. Hakuna aliyewaza. Sisi sote, pamoja na ujanja wangu wa sokoni, tuliweka tangi zuri uani ili tukaombe tangi.

Wageni walikula pilau, kuku na ndizi, wakanywa soda baridi. Bibi alitoa hotuba fupi ya kuwakaribisha, na shida akaigusa kwa mbali kidogo, kwa lugha ya kistaarabu, kiasi kwamba asiyeijua asingeijua. Mmoja wa wakubwa alinawa pale kwenye koki, kisha akalipigapiga tangi ubavuni kwa kiganja. Mimi nikajiambia, yametimia.

Siku chache baadaye meneja alinipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lete habari."

"Wamefurahi sana. Wamesema tangu wafike Tanga hawajala pilau kama ile."

"Na tangi?"

Alishusha sauti. "Mama, wamesema mnalo. Tena la washindani wetu. Wameona msaada uende kwenye shida zaidi."

Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo si tabia yangu, nikatoka moja kwa moja kumfuata Bibi kwenye nyumba yetu ya Kwamndolwa. Nikamwambia tumewashibisha mpaka wametunyima. Akaniuliza kama nilitaka awanaweshe kwa dumu lenye ukungu. Nikasema ndiyo, hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

"Basi ungetafuta mwenyekiti mwingine wa siku hiyo," alisema. "Mimi sijawahi kumvulia mgeni nguo nimwonyeshe kidonda."

"Na masika ikifika, binti wa watu tutampeleka wapi?"

Wakati huo huo jirani seremala alikuwa amekuja na wenzake kuchukua tangi lake, wanaliviringisha kupita katikati yetu, na ilitubidi wote wawili tunyamaze tumshukuru kwa wema wake. Binti wa Vugiri alikuwa mlangoni na ungo wa maharage. Alitazama tangi mpaka likapita kona. Sidhani nimewahi kujisikia mnyonge kama dakika ile.

Nilipanda basi kwenda Handeni nikiwa bado nina hasira, na hasira hiyo nilitaka kummiminia meneja. Nilimkuta ana mteja, mzee kutoka kijiji fulani cha kule kwetu, aliyerudisha tangi lililopasuka chini. Mzee alikuwa anafoka kwamba kampuni inauza makopo. Meneja alimuuliza alilikalisha juu ya nini. Juu ya mawe, alisema mzee, ili liwe juu kidogo. Tangi limejaa maji likakaa juu ya ncha za mawe, likapasuka kama lilivyotakiwa kupasuka. Mzee hakukubali, akaondoka anaitangaza habari ile njia nzima kuelekea sokoni.

"Hawa wanatumaliza, mama," meneja alisema. "Tunaandika maelekezo, hawasomi. Tunawaambia waweke zege, wanasema gharama. Likipasuka, jina letu ndilo linalopasuka."

Hasira yangu ikatulia pale pale, kwa sababu nilisikia kitu ninachokijua. Nilisikia mfanyabiashara anayelia. Miezi yote ile nilikuwa naenda kwa watu hawa na kilio changu, bila kuwauliza wao wanalia nini. Sokoni sikufanya hivyo hata siku moja. Huwezi kuuza mahindi kwa kumwambia mteja kwamba watoto wako hawajala. Atakuonea huruma, tena ya kweli, kisha atanunua kibanda cha pili. Mteja unamuuliza leo unapika nini, una watu wangapi nyumbani, ndipo unamfungulia gunia linalomfaa. Nilivuta kiti nikakaa.

"Huko milimani mna duka?" nilimuuliza.

"Hatuna. Tunawauzia wanaoshuka."

"Na wakishuka wanafikia wapi?"

Alinitazama. Nikamweleza. Mwanamke wa Vugiri anakaa kwetu wiki nyingi hana kazi nyingine ila kusubiri. Mumewe anakuja kumwona siku ya gulio, mama yake anakuja, shemeji anakuja, wote wanakaa uani kwetu, wanatazama huku na huku. Huko kwao mvua si haba, mabati wanayo, lakini maji yanashuka mlimani yanapotea kwa kuwa hawajaona mtu aliyeyakinga vizuri. Wekeni tangi kwetu, nilisema, juu ya zege la kweli, na gata za kukinga mvua kutoka pande zote za paa. Mleteni fundi wenu alijenge mbele ya watu. Kila atakayetoka pale na mtoto atapanda mlima akijua tangi linakaaje, na hatokuja kukuvunjia jina mlangoni. Usinipe sadaka, nikamwambia. Nipe kazi, na mshahara wa kazi hiyo ni maji.

Meneja alicheka kidogo, si kwa dharau. "Mama, mbona hukuyasema haya mwanzo?"

"Mwanzo nilikuwa naomba."

Alisema atazungumza na yule dada wa makao makuu, maana ndiye anayesikilizwa. Ila alikuwa na sharti lake, na alilisema akiwa ameangalia pembeni kwa heshima: safari hii tusipike. Nikamjibu waje siku yoyote wanayotaka, na mimi wasiniambie ni lini. Bibi sikumdokeza kitu. Angejua, angeazima Kwamndolwa yote.

Walikuja siku ya kawaida kabisa, meneja na yule dada tu. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka ukumbini, kajifunga khanga iliyochuja, anamenya muhogo wa bada. Aliinua uso akawaona, akanitazama mimi, na nilijua kesi yangu itasikilizwa baadaye. Alitaka kuinuka akabadilishe nguo. Dada yule aliwahi kumwamkia, shikamoo Bibi, akavua viatu akakaa mkekani, na huwezi kumwacha mgeni kwenye mkeka ukaenda kubadilisha nguo. Ilimbidi abaki.

Dada aliomba maji ya kunawa. Nilishika dumu nikakuta maji yamebaki ya kusukutua tu. Mmoja wa wajawazito alikuwa keshatoka na ndoo kuelekea barabarani, na kila aliyekuwemo aliona anavyotembea na lile tumbo. Nikamwona Bibi anaona kwamba mgeni anaona. Kisu kilisimama mkononi. Nilidhani atanifukuza mbele za watu, na labda alilifikiria hilo. Badala yake aliweka kisu juu ya sinia, akafuta mikono kwenye khanga.

"Mwanangu," alimwambia dada, "siku ile mlikula kwa majirani. Pilau ilikuwa ya majirani, magodoro ya majirani, hata tangi la jirani. Cha kwetu ni hiki unachokiona leo. Njoo nikuonyeshe vizuri."

Akamshika mkono akamzungusha. Alimwonyesha chumba ambamo wajawazito wanalala wawili godoro moja. Alimwonyesha bafu la turubai, choo, bomba lililokauka. Hakulia wala hakuomba. Alieleza kila kitu kwa mpangilio, kwa sauti ile ile ya kanisani, na mimi nilimfuata nyuma nikiwa na fahari naye. Walipomaliza walirudi mkekani, bada ikasongwa, dada akala nayo mchunga. Ule uchungu wa mboga ulimkunja uso na bado akaongeza.

Baada ya chakula dada alisema ameelewa. Mpango wa fundi kujenga mbele ya watu aliupenda sana, alishaufikisha kwa wakubwa, nao hawakuupinga. Kulibaki jambo moja. Wakubwa wanataka picha na hadithi kwa ajili ya kalenda ya kampuni na mitandao yao. Meneja alishamsimulia habari za yule binti, maana mimi mwenyewe nilimwambia siku ile Handeni. Wangempiga picha leo, na ndoo, na kueleza kilichompata kule njiani. Ikifika Dar, alisema, haitachukua muda tangi kutoka.

"Hapana," alisema Bibi.

"Bibi, ni kwa nia njema tu."

"Najua. Shida ya nyumba nimekuonyesha, kwa kuwa nyumba ni yangu kuionyesha. Kaburi la mwenzangu si langu."

Mimi nilikuwa na masika kichwani. Mawingu yalikwisha kuanza kukaa juu ya milima kila jioni, na mtu wa kutuokoa alikuwa amekaa mkekani kwetu na sahani ya bada. Moyo mmoja ulinituma nimfinye Bibi, nimwambie picha ni picha tu, haimli mtu. Mwingine ulinikumbusha binti anavyotazama vidole vyake watu wanapomzungumzia. Nilikasirika kwamba ni mimi niliyeipeleka habari yake Handeni kama sampuli ya mahindi kiganjani.

"Bibi ana haki," nilisema. "Piga picha sisi wazee, piga nyumba, piga bomba kavu. Yeye mwacheni."

Ndipo binti akaongea. Alikuwa kwenye kona yake na ungo, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, labda kwa kukaa bila kutumika.

"Nitapiga picha," alisema. "Ila si leo. Leo nina tumbo tu, na tumbo nilikuwa nalo hata mara ile. Nikiwa na mtoto, njooni mpige."

Dada alimgeukia taratibu. Alimweleza kwa upole kwamba utaratibu wao ni picha kwanza, ndipo wakubwa wanaruhusu mzigo. Binti hakubishana. Alirudi kwenye maharage yake, kasema aliyonayo.

Hapo sasa nikajua nafasi yangu. Nilimwambia dada kwamba nimeuza miaka mingi na sijaona mtu ananunua kitu kwa kutazama shida. Mwanamke na ndoo, watu watasikitika, watafunua ukurasa wa pili. Mwanamke na mtoto, na tangi nyuma yake limejaa, kila mwenye paa atajiuliza kwa nini yeye hana. Picha mnayoitaka haipo bado, nikamwambia, na haiwezi kuwepo mpaka tangi liwepo. Leteni kwanza. Sisi hatuhami.

Alinitazama, akamtazama Bibi, akatoka nje na simu yake. Tulimwona kupitia dirishani akitembea huku na huku karibu na bomba, mkono mmoja kiunoni, akiongea na mtu asiyekubali haraka. Bibi alirudia kumenya muhogo ingawa tulikuwa tumekwisha kula. Dada aliporudi alivaa viatu, akasema, "Mama, msiniangushe," na meneja akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

Lori lilikuja wiki iliyofuata na tangi jeusi, jipya, mgongoni. Fundi wa kampuni alichimba, akapanga mawe madogo, akamimina zege, akalisawazisha kwa pima maji. Alikataza mtu kugusa mpaka likauke, na kila hatua aliieleza kwa sauti ya mnadani. Waume wa wajawazito walisimama wamemzunguka. Wengine walibisha, hasa juu ya simenti, wakaonyeshwa kipande cha tangi lililopasuka wakanyamaza. Mmoja wa Vugiri alipima kwa hatua upana wa lile zege, akaondoka akihesabu kwa vidole. Gata zilifungwa pande zote. Bwana afya alikuja, akafungua koki, akanawa, akafunga koki, akatuambia tuendelee na kazi.

Kesi yangu na Bibi ilisikilizwa siku hiyo hiyo jioni. Alinisema vya kutosha. Kisha akasema kwamba mgeni aliyekula bada kwenye mkeka ameshakuwa mtu wa nyumbani, kwa hiyo nimesamehewa, ila nisirudie. Nilimwambia sirudii, na wote tulijua nitarudia.

Masika ilianza kwa kishindo. Tangi lilijaa mpaka likamwaga, na sisi tulisimama barazani tukitazama maji yanavyomwagika, watu wazima na akili zetu. Barabara ya juu ilikatika, habari zikaletwa na wanaume walioshuka kwa miguu. Katika juma hilo hilo, asubuhi, binti wa Vugiri aliweka ungo chini akasema tumbo limeanza. Tulimpakia kwenye bajaji, mvua inanyesha, Bibi upande mmoja na mimi upande mwingine, na hospitali ilikuwa pale pale mjini. Alizaa mchana. Mtoto wa kike, na alilia kwa sauti iliyofika kwenye benchi tulilokalia. Bibi alinishika mkono akaubana, tukalia wote wawili bila kuficha.

Ahadi ni ahadi, na binti ndiye aliyetukumbusha. Njia ilipopitika, mama mkwe akiwa ameshuka kumchukua, dada alikuja na mpiga picha. Bibi hakuazima kitu, ila alitandika mkeka mpya. Binti alisimama mbele ya tangi na mtoto wake, kavaa nguo yake mwenyewe, ikimkaa sawasawa mabegani. Mpiga picha alimwomba asogee kidogo kushoto ili jina la kampuni lionekane. Akasogea bila neno, akamfunua mtoto uso.

Dada alitoa simu yake ili aandike maneno ya kuweka chini ya picha. Alimuuliza mtoto anaitwa nani, akaandika. Alimuuliza kwao wapi, akaandika. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kukosea tena, kama kuna jambo lingine lolote angependa watu walijue. Mimi nilitazama chini. Mama mkwe alianza kusema kwamba hapana, inatosha.

"Lipo," alisema binti. "Andika kwamba huyu ni mtoto wangu wa pili."